Mwalimu Nyuma ya Pazia

Mwanakhamis hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na Waswahili wa Guangzhou walimheshimu sana kwa jambo hilo. Mtu asiyejua kusoma ni rahisi kumheshimu. Hakuulizi karatasi inasema nini. Unamwonyesha tu pa kubonyeza dole gumba, naye anabonyeza, kila mtu anakwenda zake.

Alizaliwa Magomeni, Dar es Salaam, katika nyumba ambayo wavulana walipelekwa shule na wasichana walipelekwa bombani. Baba yake alisema msichana akijua kuandika atawaandikia wanaume. Kaka zake wakajua kuandika, na hawakumwandikia mtu yeyote, hata mama yao.

Mama huyo alipofariki alimwachia Mwanakhamis nyumba ya vyumba sita. Mumewe Abdulsamad naye akamletea karatasi. "Bonyeza hapa, bibi, ni ya viza ya China." Akabonyeza. Nyumba ikageuka mtaji, mtaji ukageuka suruali za jinzi, jinzi zikageuka mahari, na mahari ikamleta Fathiya, msichana wa umri wa kuitwa mwanangu. Talaka ilimkuta Mwanakhamis hukuhuku Guangzhou, mbele ya jiko, mwiko mkononi. Hakulia. Pilau ingeingia maji.

Watu wakamshauri arudi kwao. Kwao wapi? Kwao kulikuwa kumeshauzwa. Akapanga vyumba viwili vya chini kwa Mama Liang, uchochoroni nyuma ya Huanshi Zhonglu, akafungua mgahawa usio na jina. Miaka ile ya tisini ikielekea ukingoni, Mtanzania aliyekuja kununua nguo au redio hakuwa na mahali pengine pa kupata pilau, maharage ya nazi na mtu wa kumgombeza kwa Kiswahili. Walikuja wote. Abdulsamad naye alikuja kila siku ya Mungu. Mke alimwacha, pilau hakuiacha. Alikaa meza ya karibu na feni, na akimaliza alisema, "Chumvi imezidi kidogo," kama zamani.

Sasa, baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wamekuja na watoto, na watoto wakawa wanazurura mtaa wa Zhanqian katikati ya maduka ya jumla, wanajifunza lugha za kutisha. Wazazi wakienda kuuliza nafasi katika shule za pale mjini, waliambiwa *meiyou*, neno ambalo maana yake ni hakuna, hata kitu kikiwa kipo mezani. Basi wakaamua kufungua shule yao wenyewe. Wakaunda Kamati ya Elimu na Maadili. Abdulsamad akawa mwenyekiti kwa kuwa alikuwa na simu ya mkononi, na Medard, muuza nguo wa Mwanza, akawa katibu kwa kuwa alikuwa na kalamu mfukoni. Kamati ilichongesha muhuri kwanza. Chaki ilikuja baadaye sana.

Darasa likawa ghorofani, juu ya mgahawa wa Mwanakhamis, katika stoo ya marobota. Na mwalimu akapatikana bila kutafutwa: Khatib, kijana wa Unguja aliyekuwa akisoma chuo kikuu kwa msaada wa serikali. Kichina alikijua mpaka wenye viwanda walimwinulia chai kwa mikono miwili. Kila Jumamosi na Jumapili alikuja kufundisha, wala hakudai kitu. Alikuwa na sauti laini na mikono inayosema kabla ya mdomo, na alitembea kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki. Hakuna aliyeliona hilo. Watu waliona kwamba watoto wanasoma.

Mwanakhamis alikuwa akipanda ghorofani na ungo wa mchele, akaketi juu ya robota karibu na mlango, anachambua huku masikio yakiwa ubaoni. Siku moja Khatib alimchukulia ungo, akampa chaki.

"Mwalimu, mimi mtu mzima."

"Bi Mwanakhamis, mchele hauna haraka. Njoo uandike ma."

Akaandika ma. Ikatoka imelala ubavu, lakini ilikuwa ma. Tangu siku hiyo alikuwa mwanafunzi kama wengine, na akiulizwa anatafuta nini katika umri ule, alijibu kwamba anataka siku moja akiletewa karatasi aisome kabla ya kuibonyeza. Mengine yote alimwachia Mungu.

Shule ikaenda hivyo mpaka alipofika Yasir.

Yasir alikuwa mfanyabiashara mgeni kutoka Unguja, mwenye miwani myeusi hata ndani ya nyumba. Alikuwa anakula mchana, Khatib akapita na sanduku la chaki, akapanda ngazi.

"Yule si Khatib?" Yasir akauliza.

"Ndiye mwalimu wa watoto wetu," akajibu Bibiana, mke wa Medard, kwa fahari, maana mwanawe Calvin alikuwa ameanza kusoma mabango ya barabarani.

"Mwalimu!" Yasir akacheka mpaka wali ukampalia. "Mama, yule nimesoma naye. Alikuwa na dawati lake peke yake, dirishani, hakuna anayekaa naye. Kidato cha tatu wakamtoa. Shoga yule! Unguja nzima inajua."

Kijiko cha Bibiana kikasimama hewani. Yasir hakueleza kwamba hisabati yake mwenyewe aliipasi kwa kuchungulia dawati hilohilo la dirishani. Si kila historia inasimuliwa yote.

Habari ilifika kwa kila mtu kabla sahani hazijaoshwa. Kamati ikaitisha kikao siku iliyofuata, palepale mgahawani. Ni lazima isemwe kwamba tangu kamati iundwe, Abdulsamad na Medard hawakuwahi kukubaliana. Waligombana kama masomo yaanze kwa dua ya nani, kama shule ipumzike Ijumaa au Jumapili, hata kama mgongo wa ubao uelekezwe Maka. Mchana ule walikubaliana kabla chai haijamiminwa. Msikiti na kanisa vilikumbatiana mbele ya birika la Mwanakhamis, na sababu ya upendo huo ilikuwa kijana mmoja asiyekuwepo, maana Medard alikuwa amemtuma kiwandani akamtafsirie habari ya zipu.

"Sisi hatuna chuki na mtu," akaanza Abdulsamad, na Mwanakhamis, aliyekuwa akigawa vikombe, akajua kuna mtu anakwenda kuchukiwa.

"Watoto wanaiga," akasema Medard. "Mtoto ni kitambaa cheupe."

"Calvin ameiga nini?" akauliza Mwanakhamis.

"Aa, shoga yangu, ungekuwa na mtoto ungenielewa!" Bibiana akarukia. "Anakunja nguo zake! Mtoto wa kiume! Juzi kanawa mikono bila kuambiwa!"

"Msiba huo. Na zile lebo za Italia anazozishona baba yake kwenye jinzi zilizotoka hapo Zhanqian, kaiga kwa Khatib?"

"Hiyo ni biashara, mama," akasema Medard. "Tusichanganye mambo."

Abdulsamad akagonga meza kwa simu yake. "Bi Mwanakhamis, wewe elimu huna. Mambo ya elimu tuachie sisi."

"Nimewaachia vyumba sita, nitashindwa kuwaachia hilo?"

Watu wakatazama chai yao. Hoja ikapita: Khatib asifundishe tena. Muhuri ukagongwa. Na Khatib aliporudi kutoka kiwandani, akasomewa uamuzi akiwa bado amesimama, jasho halijamkauka. Medard alimpiga begani kwa upole. "Usichukulie vibaya, kaka. Kesho lakini usinitupe, zile zipu bado hawajakubali bei."

Khatib aliingia jikoni, akaketi juu ya gunia la mchele.

"Umesikia, shangazi?"

"Nilikuwa nagawa chai. Nimesikia na yaliyobaki vikombeni."

"Aliyosema Yasir si uongo."

Mkono wa Mwanakhamis ukasita. Na yeye alikuwa amelelewa kulekule walikolelewa wengine, akafundishwa yaleyale. Akaisogeza sufuria ambayo haikuhitaji kusogezwa. Kisha akamuuliza maswali ambayo angemuuliza mtu yeyote.

"Umemdhulumu mtu?"

"Hapana."

"Umemgusa mtoto wa mtu?"

"Haki ya Mungu, sijawahi wala sitawahi."

"Basi yako na Mola wako mtazungumza wenyewe. Mimi namjua mwanamume kamili mmoja, kakamilika mpaka ndevu, kanilaza kwenye chumba cha kupanga. Naye ni mwenyekiti wa maadili."

Khatib akacheka kidogo. Akamsimulia habari ya lile dawati. Walimweka dirishani ili asiwaambukize wenzake, kama kwamba ni surua. Kikombe chake cha maji kilitobolewa ili kitambulike. Lakini mgeni rasmi akija, yeye alikuwa wa kwanza kuitwa: Khatib apambe ukumbi, Khatib asome kasida, maana hakuna aliyekuwa na sauti kama yake. Mgeni akiondoka, anarudishwa dirishani. Siku walipomfukuza mwalimu mkuu alimwambia wanafanya hivyo kwa mapenzi. Akasoma peke yake nyumbani, akafanya mtihani kama mtahiniwa wa nje, akawashinda waliobaki ndani.

"Nimevuka bahari kuja China," akasema, "na dawati limenifuata. Sitaki mtu anisifu, shangazi. Nataka kusimama mbele ya darasa kama mwalimu, basi. Nisiwekwe pembeni."

Shule ikapata walimu wengine. Yasir alifundisha siku moja, akawaeleza watoto jinsi ya kumjua mtu mwongo, nao wakamtazama sana. Medard alifundisha siku mbili. Aliiita elimu ya vitendo: kila mtoto alipewa sindano, uzi na furushi la lebo za Italia. Kina mama walipopanda juu na kukuta watoto wao wanashona badala ya kusoma, kelele zikawa nyingi. Bibiana mwenyewe ndiye aliyepiga za juu zaidi, maana Calvin alikuwa amejidunga kidole.

Hapo mwenyekiti akapata hekima. Alikumbuka kwamba kwao, zamani, kulikuwa na maalimu aliyewasomesha wanawake akiwa nyuma ya pazia, wasikie elimu wasione mtu.

"Sauti haina neno," akaieleza kamati. "Elimu yake ni safi. Kinachoharibu watoto ni mikono na mwendo. Tutundike pazia!"

Kamati ikashangilia. Medard akakimbia Zhanqian, akarudi na shuka kubwa kuliko yote aliyoyaona, jekundu, lina bata wawili wamegusana midomo. Wakalikaza kwa kamba katikati ya stoo. Mama Liang, mwenye nyumba, alipanda kuona kelele ni za nini. Akalitazama shuka, akafurahi, akaja kumuuliza Mwanakhamis kwa ishara bibi harusi ni nani. Lilikuwa shuka la kutandika kitanda cha maharusi. Kulinda maadili ya watoto, kamati ilikuwa imewatundikia kitanda cha fungate.

Khatib alipoelezwa mpango huo aliupeleka kwa Mwanakhamis.

"Usikubali," Mwanakhamis akamwambia jikoni.

"Swalha ndiyo kwanza anaunganisha silabi. Nikimwacha hapo zitampotea. Nitakubali, nione."

Swalha alikuwa binti wa Abdulsamad kwa mkewe wa kwanza aliyefariki. Mwanakhamis ndiye aliyemlea tangu ananyonya chupa, na talaka ilipomtoa Mwanakhamis ikamnyang'anya na mtoto. Siku hizi walionana darasani tu. Mwanakhamis hakubisha tena.

Jumamosi shule ikafunguliwa. Khatib akapita upande wa pili wa bata, mwenyekiti akawaketisha watoto upande huu, akahakikisha hakuna mkono unaoonekana, akatoka kwenda kwenye biashara zake. Ndipo jambo likajulikana ambalo hakuna mjumbe hata mmoja aliyelifikiria. Ubao ulikuwa umepigiliwa ukutani, na ukuta ulikuwa upande wa mwalimu.

"Leo tunasoma nya," ikasema sauti nyuma ya shuka. "Tazameni ubaoni."

Watoto wakawatazama bata.

"Mwalimu, hatuuoni," akasema Calvin.

Sauti ikajitahidi. "Nya ina herufi tatu. Ya kwanza, en, ni kijiti kimesimama, kina mgongo kama wa babu anayeokota kitu."

Kila mtoto akachora babu yake. Mwanakhamis naye akachora, akapata kitu kama buli. Wakaendelea hivyo kwa muda, vijiti, migongo na mikia, mpaka Swalha akainuka na daftari lake, akainua pindo la shuka, akapita chini. Hakuna aliyemwambia kitu. Akafuata Calvin. Akafuata mwingine. Mwanakhamis alibaki upande ule na marobota na akaona haya, mtu mzima anaachwa nyuma na watoto. Akakunja baibui lake, akapita.

Wakasoma vizuri siku hiyo. Kesho yake vilevile. Ikawa ndiyo desturi ya shule: watoto wanaingia, wanapita chini ya bata, wanasoma. Na mikono ya Khatib iliruka na kutua kama siku zote, wala hakuna mtoto aliyeambukizwa kitu zaidi ya nya na nyi.

Jumapili ya mwezi uliofuata, maonyesho makubwa ya biashara yalikuwa yamejaza wageni mjini, na Abdulsamad akawaleta waheshimiwa wawili kutoka Dar kuiona shule aliyoianzisha. Alipanda nao ngazi akieleza malezi bora. Akafungua mlango kwa madaha. Darasani hapakuwa na mtu. Palikuwa na marobota, bata wawili, na sauti za watoto zikisema kwa pamoja: nyama, nyota, nyumba.

"Wanafunzi wako wapi?" akauliza mheshimiwa mmoja.

Abdulsamad akalivuta shuka kwa hasira. Kamba ikakatika, likamwangukia, likamfunika kichwa mpaka kiuno. Watoto wakaangua kicheko, na cha Swalha kilikuwa kirefu kuliko vyote. Mwenyekiti akahangaika humo ndani na bata wake, na alipotoa kichwa alimkuta Mwanakhamis ameketi mstari wa mbele, chaki mkononi.

"Shule imefungwa!" akapiga kelele. "Kwa maslahi ya watoto, imefungwa!"

Muhuri ukagongwa tena. Muhuri ule ulifanya kazi kuliko walimu wote.

Jumamosi iliyofuata watoto walirudi Zhanqian kuzurura. Mwanakhamis akawatazama wakipita mlangoni, akafunga jiko la mafuta, akatoka nje na mwiko, akawaita mmoja mmoja kwa jina. Akawakalisha kwenye meza za mgahawa. Kisha akampelekea Khatib ujumbe aje.

Khatib alikuja, akasimama mlangoni. Nyuma yake walikuja na wanakamati pamoja na Bibiana na Yasir, si kwa ajili ya shule, ni kwa sababu ya saa saba na harufu ya bizari. Wakakuta meza zote zimejaa watoto.

"Hii nini tena?" akauliza Abdulsamad.

"Darasa."

"Tumelifunga darasa."

"Mmefunga la juu."

Medard akakuna kichwa. Alikuwa na njaa, na siku hiyo pia alikuwa na zipu. "Mwenyekiti, kikatiba hapa si shule. Hapa ni jikoni. Jikoni wakiongea na huyu kaka, hayo ni maongezi tu. Mradi asiitwe mwalimu."

Abdulsamad akaikubali hoja hiyo haraka, kama mtu anayesikia sahani zikipangwa. "Sawa. Asiitwe mwalimu."

Wote wakamgeukia Khatib, wakitarajia ashukuru. Wengi wangeshukuru.

"Basi sitaingia," Khatib akasema. Sauti ilikuwa ileile laini. "Zipu nitafsiri mimi. Ukumbi niupambe mimi. Watoto niwasomeshe mimi, nikiwa nyuma ya shuka, nikiwa jikoni, nikiwa sina jina. Nimechoka kuingizwa kwa mlango wa nyuma. Mkinitaka darasani, niiteni ninachofanya. Hamnitaki, kwaherini."

Akageuka kweli. Alikuwa ameshafika kwenye baiskeli za Mama Liang.

Mwanakhamis hakumkimbilia. Alichukua kifuniko cha sufuria, akakirudisha juu ya pilau, akakikalia.

"Hapa leo hakipakuliwi kitu," akawaambia wanakamati, "mpaka mtu huyu aitwe jina lake."

"Bi Mwanakhamis, usiwe mtoto!"

"Mimi mwanafunzi."

Wakamtazama. Medard akatazama uchochoro, akapiga hesabu ya migahawa ya Kichina na nyama zake. Bibiana alikuwa amesimama nyuma ya mumewe. Macho yake yalikuwa kwa Calvin, aliyekuwa ameshafungua daftari na kukunja mikono yake misafi juu yake.

"Mwalimu!" Bibiana akaita kwa sauti ya kuuza mtumba. "Mwalimu Khatib! Rudi, baba, mtoto anakungoja!"

"Mama Calvin!" akasema Medard.

"Niache. Wewe umemfundisha nini?"

Medard akameza mate. "Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo, akielekea baiskeli. Yasir alisema anaumwa na tumbo, akaondoka, na kuanzia siku hiyo akala biskuti. Abdulsamad alisimama na simu yake mkononi kana kwamba inakaribia kuita.

Khatib akarudi, akapita katikati yao kwa mwendo wake uleule, akasimama mbele ya meza. Hapakuwa na ubao. Akachukua mkaa, akaandika kwenye ukuta mweupe wa Mama Liang, na baadaye kodi ilipanda kwa ajili hiyo.

Si wote waliorudi. Familia mbili ziliwatoa watoto wao zikasema heri ujinga, na ujinga waliupata. Huko chuoni kwake kuna aliyepeleka maneno, na Khatib akaitwa akahojiwa, akarudi na uso uliovimba kwa kukosa usingizi, na hakutaka kuzungumza habari hiyo. Lakini Jumamosi alikuwepo.

Wanakamati wakapakuliwa, siku ile ya kifuniko, baada ya somo kwisha. Abdulsamad ndiye aliyeshindwa kusubiri, wala hakuweza kulisema lile neno, na Mwanakhamis hakumlazimisha. Alimpa sahani yake kwa sababu mtu akija na njaa hafukuzwi. Viti havikuwepo. Mwenyekiti wa Elimu na Maadili akaenda kulia pilau kwenye ngazi, nje ya darasa, huku ndani binti yake akisoma kwa sauti, na Mwanakhamis, nyuma yake kwa silabi moja, akimfuata.